Koti la Mikono Miwili ya Kushoto

Mama Vifungo hakuuza vifungo hata siku moja. Aliitwa hivyo kwa sababu tundu la kifungo alilolishona yeye kwa mkono halikufumuka. Koti lingechakaa, lingechanika mgongoni, lingegeuzwa tambara la kupigia deki, na tundu lile lingebaki pale pale limekodoa kama jicho. Nasema ninachokijua. Nilikaa naye chumba kimoja miaka ishirini na sita, yeye kwenye stuli yake karibu na mlango apate mwanga, mimi kwenye meza ya kukatia. Mimi nilikata, yeye alimalizia. Na nitasema mwenyewe kabla sijasemewa, kwamba baada ya hapo tulikaa miaka kumi na moja bila kusemeshana, yeye nyumba ya tatu, mimi nyumba ya tano, katikati yetu kinyozi.

Ni mwanamke mrefu, mkavu, asiyeharakishwa na mtu. Mteja akimsimamia kichwani anashona polepole zaidi. Kazi ya matundu alifundishwa na mjomba wake aliyeshona sare za bendi ya tarumbeta. Mjomba alikuwa akimwambia, mpiga tarumbeta anavimba kifua, sasa wewe shona vizuri, kifungo kisije kikaruka kikamtoa jicho mwimbaji. Kwa hiyo hata shati la mzee asiyeweza kupuliza mshumaa alilishonea matundu ya mpiga tarumbeta.

Alifiwa na mume mapema. Alibaki na binti mmoja, akamsomesha kwa sindano ile ile mpaka akawa muuguzi. Huyo binti alijifunza kutembea chini ya meza yangu, na kovu la kwenye kidevu chake ni la pasi yangu, lakini pasi ilikuwa imezimwa, aliivuta mwenyewe.

Mkitaka kumjua Mama Vifungo niwape habari ya dereva wa lori. Alikuja na mama yake mzazi kupima suruali, na muda wote akawa anamjibu mama yake huku mikono iko mfukoni, anatazama dari. Mama Vifungo aliendelea kupima. Dereva aliporudi kuchukua suruali akaivaa, akatia mikono, mikono ikagonga.

"Mama, hii mifuko haiingii."

"Ndiyo. Nimeifunga."

"Umeifunga kwa nini?"

"Uje na mama yako, nitaifungua."

Alikuja naye. Tena alikuja amemshika mkono.

Basi huyo ndiye niliyegombana naye, na sababu ilikuwa koti la hakimu.

Hakimu alileta kitambaa chake mwenyewe, sufu nyeusi, nzuri, lakini kidogo, cha kubanabana. Wasiojua kazi hii niwaeleze. Mikono ya koti unakata kitambaa kikiwa kimekunjwa mara mbili, uso kwa uso, mkasi unapita mara moja, unapata ndugu wawili, wa kushoto na wa kulia. Kitambaa kisipotosha kukunjwa unakata mmoja mmoja, na hapo lazima ule wa pili ugeuze karatasi ya kukatia. Usipogeuza unapata mapacha, wote wa upande mmoja. Mimi ninaweka alama yangu kwenye kila mkono ninaoukata, msalaba wa uzi mwekundu pale juu begani. Mama Vifungo anaweka duara. Ndivyo tulivyojuana nani kafanya nini.

Siku ya kujaribu, hakimu akavaa. Mkono wa kushoto ukakaa kama umezaliwa naye. Mkono wa kulia ukamgeuzia kiwiko mbele, akawa kama mtu anayeelekeza gari lirudi nyuma. Akajitazama kwenye kioo kwa muda. Halafu akauliza taratibu, kama wanavyouliza watu wa kazi yake, "Nani amefanya hivi?"

Nikasema, "Mikono imewekwa na huyu mwenzangu."

Sasa hilo neno halikuwa uongo. Nilikata mimi, aliyeipachika ni yeye, kwa bandi, mshono wa muda wa kujaribia, kama kila siku. Lakini hakimu hakuuliza nani aliyepachika, na mimi nilijua, na Mama Vifungo alijua kwamba najua. Hakujitetea. Alingoja hakimu atoke, akaufumua ule mkono wa pili, uzi mmoja mmoja, bila kuchana. Akaukunja akautia kwapani. Akachukua stuli yake akaondoka. Stuli ilikuwa yake, hilo sikatai. Kopo la vifungo lilikuwa letu wote, na nililificha.

Ningemfuata siku ile ile mambo yangeisha. Lakini mimi nimemzidi miezi minne, na mdogo ndiye anayemsalimu mkubwa kwanza. Yeye naye anadai amenizidi mimi miezi mitatu. Basi kila mtu akawa anangoja heshima yake. Tulikuwa tukikutana bombani, kila mtu anaitazama ndoo yake kama ina samaki. Yenye haja ya kusemwa yalipitia kwa kinyozi.

"Mwambie wa nyumba ya tatu moshi wake unaingia kwangu."

Kinyozi anakwenda, anarudi. "Amesema moshi haujui nyumba ya tano ni ya nani."

Matundu nikawa nashona kwa cherehani. Kuhusu matundu hayo sina la kusema.

Jumatatu moja kinyozi akaja dukani kwangu na taulo bado liko begani. "Mama, umesikia? Mwenzako anahama. Binti yake anakuja kumchukua Jumamosi, anakwenda kukaa naye huko anakofanya kazi. Siku nzima na nusu kwa basi. Nyumba imeshapata mpangaji."

"Atarudi lini?"

"Anahama, mama. Anaondoka na kitanda."

Nikaendelea kuchora kwa chaki. "Mwambie safari njema."

"Nimwambie mimi?"

"Kwani ulimi wako umepelekwa wapi?"

Akavuta kiti cha wateja akakaa, jambo ambalo hajawahi kulifanya. "Mama, mimi nimechoka. Miaka kumi na moja ninanyoa watu huku ninabeba maneno yenu. Nimeshakata sikio la mteja kwa ajili ya moshi wenu. Hili la safari lipeleke mwenyewe."

Siku hiyo nilikata suruali ya mtu fupi kwa inchi mbili. Nilikuwa najua ninachotakiwa kumwambia yule mwanamke. Nilikuwa najua pia kwamba Jumamosi ikipita sijakisema, basi kitakaa na mimi mpaka nizikwe nacho. Maneno nilikuwa nayo, miguu ndiyo iliyokataa. Kwenda kwake kubisha hodi, mimi mkubwa? Jumanne nikafika mpaka mlangoni kwa kinyozi nikarudi. Jumatano nikafika mpaka mlangoni kwa kinyozi, nikaingia, nikanyolewa nywele ambazo hazikuhitaji kunyolewa.

Alhamisi wakaja watu wa filamu.

Walikuwa wameniomba chumba tangu mwezi uliopita. Mwongozaji alikuwa binti mdogo mwenye kofia, mwenye adabu, lakini macho yake hayatulii. Alikipenda chumba changu. Akaniambia, "Bibi, hapa pana historia." Nilikuwa nimesugua madirisha siku mbili kwa ajili yao. Wakayapaka vumbi walilokuja nalo kwenye mkebe.

Filamu yenyewe ilikuwa ya uhalifu. Marafiki wawili, wameshibana, walivunja duka la sonara. Mmoja akakamatwa. Polisi walipomuuliza yule mwingine, akamtaja mwenzake ili yeye apone. Aliyetajwa akakaa gerezani miaka tisa. Sasa ametoka, anamtafuta rafiki yake, anamkuta amekuwa fundi wa nguo, na huyo fundi lazima aseme kwa mdomo wake kwamba ni yeye aliyemtaja. Niliposikia hivyo nikauliza kama hawawezi kwenda kuipigia picha dukani kwa fundi viatu. Wakacheka, wakadhani natania.

"Nahitaji na kina mama wawili wanafanya kazi pale nyuma," mwongozaji akasema. "Wewe kwenye meza, na mwingine karibu na mlango. Huyo mwingine kinyozi ameshanitafutia."

Nikatazama nje. Kinyozi alikuwa amesimama barabarani anaangalia mawingu.

Mama Vifungo akaingia na stuli yake. Hakuangalia upande wangu. Akaiweka karibu na mlango. Sakafu ile ina vishimo vitatu vilivyochimbwa na miguu ya stuli hiyo kwa miaka ishirini na sita, na kila mguu ukaingia kwenye shimo lake bila kutafuta. Akakaa. Akafungua kifuko cha nyuzi na sindano juu ya mapaja yake.

Kifuko kile kilikuwa mkono wa koti. Sufu nyeusi, upande wa kiganja umeshonwa ukafungwa, upande wa bega una kamba. Na pale juu ya bega, mwekundu kama siku nilipoutia, msalaba wangu.

"Kina mama," mwongozaji akasema, "nyie msiongee. Hata neno moja. Mfanye kazi tu kama hamuonani."

"Hilo tunaliweza," nikasema.

"Tumefanya mazoezi," Mama Vifungo akamwambia mwongozaji.

Wakawasha taa. Jua si kitu. Waigizaji walikuwa wawili. Aliyecheza mfungwa alikuwa mwembamba, mtulivu, sikuwa na tatizo naye. Aliyecheza fundi alikuwa pande la mtu, ana sauti ya kuhubiri, na sindano alikuwa ameishika kama anataka kumchanja ng'ombe. Mfungwa akaingia, akasimama mbele ya meza. Pande la mtu likadondosha sindano, likaanguka magoti.

"Rafiki yangu! Ndugu yangu wa damu! Miaka tisa wewe umekaa gerezani, lakini mfungwa ni mimi! Kila asubuhi kuta za moyo wangu..."

Kuta za moyo zilikuwa nyingi. Mwisho akalia machozi.

"Turudie," mwongozaji akasema. "Sijaamini bado."

Wakarudia. Mara ya tatu akalia zaidi. Mara ya sita machozi yakamwishia, wakamtilia ya kwenye kichupa. Mara ya tisa magoti ya suruali yakapauka, na mimi fundi ninaona, roho inaniuma kwa ajili ya suruali. Muda wote huo Mama Vifungo anachomoa nyuzi kwenye ule mkono wa koti, anachomeka, anachomoa, na kila anapouweka sawa, msalaba unanitazama mimi.

Mara ya kumi sikuweza. "Mwenye kosa hana maneno mengi hivyo," nikasema.

Kila mtu akageuka. Mwongozaji akavua kofia. "Bibi, umesemaje?"

"Na hapigi magoti. Anayepiga magoti anataka ainuliwe. Sasa huyu mwenzake ametoka jela amechoka, ndio aanze kuinua jitu zima?"

Mfungwa akacheka. Jitu zima likanitazama vibaya, na machozi ya kichupa bado yako shavuni.

Hapo Mama Vifungo akaongea. Macho yakiwa kwenye kifungo alichokuwa anakishona, hakuyainua. "Mwongozaji, msikilize huyo. Mambo ya kutaja wenzake anayajua. Anayo miaka mingi kazini."

"Kweli?" mwongozaji akasema, naye hajui ameokota nini. "Basi bibi tuonyeshe. Hebu simama hapa, wewe ndiye fundi. Na wewe mama, tafadhali uwe mfungwa."

"Nitakuwa hapa nilipokaa," Mama Vifungo akasema. "Magoti yangu hayaigizi."

Nilijua mtego umetegwa na nani. Nilijua pia nikikataa, Jumamosi itafika sijasema. Watu wote wale wananitazama, taa zinanichoma shingo, na mtu ambaye sijamwangalia usoni miaka kumi na moja yuko hatua tatu kutoka kwangu anashona kifungo kwenye kitambaa kisicho na tundu. Nikachukua mkasi, nikauweka. Nikajitazama mikono. Wakati huo hakuna kingine cha kutazama, mkitaka kujua, ni mikono tu.

"Karatasi sikuigeuza," nikasema.

"Karatasi gani?" mwongozaji akanong'ona.

"Kitambaa kilikuwa kidogo, nikakata mmoja mmoja, karatasi sikuigeuza. Hakimu alipouliza, nikakutaja wewe."

Mama Vifungo akauma uzi, akautema. "Halafu?"

"Halafu nini?"

"Endelea."

"Nimemaliza."

"Miaka kumi na moja, umemaliza kwa pumzi moja."

"Ulitaka niimbe?"

"Nilitaka useme mbele ya hakimu."

"Hakimu amestaafu. Anafuga kuku."

"Basi useme mbele ya watu."

"Hawa ni nini, ni makabati?"

Akainua macho kwa mara ya kwanza. Akawahesabu kwa sindano. Mwongozaji, mpiga picha, wa taa, wa sauti, waigizaji wawili, dada wa kupaka poda, mzee wa vumbi, na kinyozi dirishani. "Tisa," akasema. "Watatosha." Kisha akaushika ule mkono wa koti akaunyanyua juu. "Huu nilikuja nao nikutupie usoni. Kinyozi ni shahidi wangu."

Kinyozi akatoweka dirishani.

"Mbona hukunitupia?"

"Una sindano."

Halafu nikaona kitu kinamtikisa mabega, nikajua anacheka, maana huyo hacheki kwa mdomo. Mimi nacheka kwa mdomo, nilicheka mpaka yule wa sauti akavua vitu vyake masikioni.

Mwongozaji akamuuliza mpiga picha, "Umeyapata hayo?"

"Nimepata mgongo wa bibi," mpiga picha akasema.

Nikaliita lile jitu zima, nikamwambia baba, sema neno moja tu, tena ulisemee mikono yako, halafu ngoja. Akafanya hivyo. "Ni mimi niliyekutaja," akasema, akajitazama vidole, akangoja. Mwongozaji hakurudia tena.

Walipokuwa wanakunja waya zao, Mama Vifungo akainuka akaanza kupita kwenye makoti ya wateja yaliyoning'inia ukutani. Akashika la kwanza, akapeleka kidole kwenye tundu.

"Nani ameshona hili?"

"Cherehani."

"Cherehani haijiendeshi. Nani?"

Akapita yote, yalikuwa kumi na manne, anayatazama kama muuguzi anapita wodini. "Nipe mkasi mdogo," akasema. "Na lile kopo nililoibiwa lilete."

Jumamosi binti yake muuguzi akaja na gari la mizigo, kovu lake kidevuni. Akamkuta mama yake kwenye stuli, koti mapajani.

"Mama, dereva anangoja."

"Nimebakiza matundu."

"Mangapi?"

"Thelathini na moja."

Binti akanitazama mimi. "Mama mkubwa, mwambie basi."

Mama Vifungo akasikia mwanawe ameniita mama mkubwa. Akashona matatu bila kusema na mtu.

Kitanda kilitangulia. Yeye akalala kwangu wiki moja, na katika wiki hiyo tulizungumza kila kitu isipokuwa nani mkubwa, maana cheti chake kililiwa na panya na changu hakikuandikwa. Sikumwomba abaki. Binti ni wake, na kule kuna mjukuu anakuja. Jumamosi iliyofuata nikampeleka kituoni. Stuli akaniachia, mkono wa koti akaondoka nao.

Filamu kinyozi aliileta mwaka uliofuata, tukaitazama dukani kwake, mtaa mzima umebanana. Wale marafiki walipatana, jambo ambalo nililitegemea. Mimi nilionekana kidogo. Pale jitu zima linapongoja jibu, nyuma yake kuna kiwiko kimelala juu ya meza ya kukatia. Ndicho mimi. Mkono wa kushoto, mmoja tu safari hii.

Kazi tumeirudia. Kila baada ya wiki mbili ninafunga makoti niliyoyakata, nayatia kwenye basi, baada ya siku tano yanarudi yana matundu. Ndani ya kila koti kuna duara la uzi. Simu ananipigia yeye, siku zote yeye, anasalimu kwanza, na mimi nilikuwa nimeshaanza kumwambia kinyozi kwamba hatimaye yule mwanamke amekubali udogo wake.

Mzigo wa juzi ulirudi na koti langu mwenyewe, la baridi, nililompelekea abadilishe kifungo. Nikalivaa, nikatia mikono mfukoni, mikono ikagonga. Mifuko yote miwili imeshonwa kama ya yule dereva wa lori, uzi mara mbili, mshono ule wa mpiga tarumbeta.

Nimekaa na koti hili siku mbili. Leo nimemwomba kinyozi anibonyezee namba, na akipokea nitamsalimu mimi kwanza. Mkubwa bado ni mimi, lakini baridi imeanza.